Kuhamia nje kufanya kazi ya uwakili: hatua za kufuata ukiwa Nairobi

Wakili anayetaka kutoka Nairobi akafanye kazi London, Toronto au New York ana vibali viwili vya kutafuta, na watu huvichanganya kila siku. Kimoja ni cha uhamiaji, yaani ruhusa ya kuingia na kuajiriwa. Kingine ni cha taaluma, ruhusa ya kutambulika kama wakili huko. Viza ya kazi haikupi leseni, na kufaulu mitihani ya uwakili hakukupi viza. Anza na cha taaluma. Ndicho kinachokula muda, na sehemu kubwa yake unaweza kuimaliza ukiwa bado unapokea mshahara hapa nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua nchi, kisha uombe tathmini

Usilipe karo ya shahada ya uzamili popote kabla mamlaka ya nchi unayoilenga haijakuambia kwa maandishi kama unaihitaji. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowagharimu vijana wetu pesa nyingi kuliko yote.

Kwa New York, anayeamua ni Bodi ya Mitihani ya Sheria ya jimbo hilo, na kanuni inayowahusu waliosomea nje ya Marekani ni ya 520.6. Kenya tunafuata mfumo wa sheria ya Uingereza na shahada yetu ya kwanza ya sheria, LLB, ni ya miaka minne, kwa hiyo mwombaji wa hapa ana nafasi ya kuruhusiwa kufanya mtihani bila LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ya Marekani, mradi Bodi iridhike na muda na aina ya masomo yake. Tuma maombi ya tathmini mapema, hata mwaka mzima kabla ya mtihani unaoulenga. Mtihani wenyewe huja Februari na Julai, nao huchukua siku mbili. Alama ya kufaulu New York ni 266. Kuna pia mtihani wa maadili, MPRE, unaohitaji alama 85, na saa 50 za kazi ya sheria ya kujitolea kabla ya kuapishwa.

Kanada, tathmini hufanywa na kamati ya kitaifa iitwayo NCA. Itakupangia mitihani, na kwa kawaida haikosi masomo matano: sheria ya utawala, ya katiba, ya jinai, misingi ya sheria ya Kanada na maadili ya taaluma. Ukimaliza unapewa cheti cha kustahiki, kisha unaanza upya na chama cha mawakili cha mkoa utakakoishi, pamoja na mafunzo ya kazini.

Uingereza ndiko wengi wanakoelekea. England na Wales zina mfumo mmoja na Scotland ina wake. Kuwa solicitor (wakili anayeshauri wateja na kuandaa nyaraka zao) England unapitia mtihani wa kufuzu uitwao SQE, ulioanza Septemba 2021. Wakili aliyekwisha kuapishwa Kenya hadaiwi ile miaka miwili ya mafunzo ya kazini wanayodaiwa wanafunzi wa huko, na akiwa na uzoefu wa kutosha anaweza kuomba asamehewe sehemu ya pili ya mtihani huo. Sehemu ya kwanza ina karatasi mbili zenye maswali 180 kila moja, yote ya kuchagua jibu, na hufanywa kwenye kompyuta katika vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE, vikiwemo vilivyo nje ya Uingereza. Sehemu ya pili ina kazi za kuandika na za kuzungumza, na hizo za kuzungumza lazima usafiri. Ada za sehemu zote mbili zinakaribia pauni 5,000, kwa hiyo ombi la msamaha linastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule unaoupa rufaa.

Ujue pia kwamba England ushauri wa kawaida wa sheria haujafungiwa mawakili wa huko. Kilichofungwa ni kazi chache: kuwakilisha mtu mahakamani, kuendesha kesi, nyaraka za uhamisho wa ardhi, mirathi, unotari na viapo. Ushauri wa uhamiaji nao una mdhibiti wake. Nje ya hayo, kampuni inaweza kukuajiri ukishughulikia mikataba au sheria ya Kenya huku ukiendelea na mitihani. Mwiko ni kujiita solicitor kabla hujaandikishwa.

Hatua ya pili: funga kazi zako za hapa vizuri

Kila mamlaka ya nje itadai cheti cha kuthibitisha kwamba u mwanachama mwenye sifa njema. Kwetu unakiomba Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK), ofisi zao ziko Lavington, na nchi nyingine hutaka pia uthibitisho wa Msajili Mkuu wa Mahakama, ambaye ndiye mtunza orodha ya mawakili. Leseni yako ya mwaka iwe hai (huisha tarehe 31 Desemba), ada ziwe zimelipwa na alama za mafunzo endelevu ziwe zimetimia. Usikiombe mapema mno, kwa kuwa mamlaka nyingi hazipokei cheti kilichokaa miezi kadhaa.

Kinachoharibu sifa njema mara nyingi ni faili iliyoachwa yatima. Mteja anapiga simu, haipokelewi, kesi inatajwa mahakamani Milimani hakuna anayesimama, na wiki chache baadaye malalamiko yako mezani kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Kwa hiyo orodhesha kila jambo ulilo nalo. Mteja akikubali wakili mwingine kabla ya hukumu, notisi ya mabadiliko huwasilishwa na mambo yanasonga. Baada ya hukumu, Agizo la 9 kanuni ya 9 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai linataka amri ya mahakama au ridhaa ya maandishi kati ya wakili anayetoka na anayeingia. Mteja asipopatikana, omba mahakama ruhusa ya kujiondoa chini ya kanuni ya 13. Mpaka amri itoke, bado wewe ndiye wakili wake.

Akaunti ya wateja isibaki na shilingi isiyo na mwenyewe. Na zile ahadi za kitaaluma ulizoiandikia benki au wakili mwenzako katika mauzo ya shamba au nyumba, zitimize au upate barua ya kukufungua, maana zinakufunga wewe binafsi popote utakapokuwa.

Hatua ya tatu: kusanya nyaraka

Omba nakala za matokeo chuoni na kwa Baraza la Elimu ya Sheria. Uliza tathmini yako inataka zitumwe vipi, kwa kuwa wengine hawazipokei ila zikitoka moja kwa moja kwa msajili wa chuo. Bahasha ikipitia mikononi mwako, iwe imegundishwa na muhuri wa chuo umekaa juu ya mshono. Usiifungue hata kwa kutaka kuhakikisha alama. Omba nakala ya pili ya kujisomea.

Kagua majina. Kitambulisho kikisoma majina matatu, pasipoti mawili, na cheti cha kuapishwa kikabeba jina la ndoa, andaa hati ya kiapo inayoyaunganisha, au hati rasmi ya kubadili jina ikiwa ulilibadili. Fanya hivi kabla ya kuomba chochote kingine, ili nyaraka zote zitoke na jina moja.

Cheti cha maadili mema huombwa kupitia eCitizen, ada ni shilingi 1,050. Ukishalipa, chapisha fomu ya alama za vidole, C24, na ankara, uende nazo makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI) barabara ya Kiambu au kituo cha Huduma kinachotoa huduma hiyo. Afisa atakushika kidole kimoja kimoja na kukibingirisha kwenye wino kutoka ukingo hadi ukingo, vyote kumi. Ukiwa na jeraha la kisu au lengelenge kwenye ncha ya kidole, subiri lipone, kwa sababu alama isiyosomeka inakurudisha foleni.

Nyaraka zinazodaiwa kuhalalishwa hupitia mlolongo: notari kwanza, kisha msajili wa Mahakama Kuu athibitishe sahihi ya notari, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi wa nchi husika. Ukielekea Dubai, tenga muda wa kutosha kwa mlolongo huu. England hawaudai kwa kila karatasi, kwa hiyo uliza kwanza.

Hatua ya nne: viza

Kwa Uingereza, viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi huanza na mwajiri mwenye leseni ya udhamini. Majina ya wadhamini yako wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Litafute la mwajiri wako. Cheti cha udhamini ni namba anayoitoa mwajiri kwenye mfumo, nayo lazima uitumie ndani ya miezi 3. Hakiuzwi. Wakala wa Nairobi anayekutajia bei yake anakuibia, na leseni ya wakala yeyote wa ajira unaweza kuikagua kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Tangu Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi husika kikiwa juu zaidi. Kusomea sheria kwa Kiingereza hakutoshi peke yake: fanya mtihani wa lugha ulioidhinishwa, au upate uthibitisho wa shahada yako kutoka kwa taasisi yao iitwayo Ecctis. Wakenya hupimwa pia kifua kikuu, na hapa Nairobi kipimo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Cheti chake hudumu miezi 6, basi kipimo hicho kiwe cha mwisho, mwajiri akishatoa namba.