Ukienda kuona mahekalu ya Kanchipuram, uliza Fomu C kabla ya kulipia chumba

Ndugu zangu mlioko Chennai na Vellore, wanafunzi pamoja na nyinyi mnaouguza wagonjwa, Kanchipuram, mji wa mahekalu ya Kihindu kusini mwa India, hauko mbali. Ni kama kilomita 75 kutoka Chennai, mabasi yapo kutwa na treni inafika. Nendeni. Ila kama mnakusudia kulala huko, someni hili kwanza.

India, yeyote anayemlaza raia wa kigeni, awe na hoteli, gesti au nyumba yake binafsi, anatakiwa kutuma taarifa za mgeni huyo kwa mtandao kwenye ofisi ya usajili wa wageni ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kama Fomu C (kanuni za 2025 zinaiita Fomu III). Hiki si kile kitabu cha gesti za kwetu, unaandika jina, kabila, utokako na uendako, unapewa ufunguo. Gesti nyingi za miji ya mahujaji hazijajisajili kwenye mfumo huo kwa sababu wateja wao ni Wahindi watupu. Programu ya simu haikuelezi hayo. Inachukua pesa na kukuthibitishia chumba.

Sisi yalitukuta usiku, nikiwa na mama mdogo aliyekuwa ametoka kutibiwa. Kijana wa mapokezi alipoona pasipoti ya Tanzania akasema raia wa nje hawapokelewi. Nikatoa kibali cha kuishi, kitambulisho cha chuo, barua ya hospitali. Havikusaidia kitu, maana hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya Fomu C. Pesa haikurudi. Tulizunguka na bajaji gesti hadi gesti, mama mdogo hoi kwa uchovu, mpaka hoteli kubwa ikatupokea kwa bei iliyotuumiza.

Kwa hiyo pigeni simu. Msiulize kama kuna nafasi, ulizeni: mnapokea raia wa kigeni, na Fomu C mnajaza? Wakikubali, wajibu kwa maandishi. Siku ya safari pigeni tena, kwa sababu anayepokea simu leo siye atakayekuwa mapokezi kesho. Na mwenye nyumba akisema lala tu, fomu haina haja, ondokeni. Pasipoti halisi iwe mkononi, si nakala. Narudia: uthibitisho wa kwenye simu si ruhusa ya kulala.

Wajomba na shangazi mnaotupigia kutoka nyumbani, tunawapenda. Lakini acheni kutuambia, "Si Wahindi hawa hawa tuliokaa nao Upanga na Kariakoo? Watawapokea tu." Jirani wa Upanga hakuwahi kubanwa na sheria hii kwa ajili yako. Mgonjwa akisikia maneno hayo anaona kijana anayemuuguza ni mzembe.

Je, ni rangi yetu? Ubaguzi wa rangi upo India, na aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga anaujua. Lakini mwenye gesti ndogo anaogopa polisi pia. Serikali imembebesha kazi ya uhamiaji mtu mwenye vyumba vichache, naye anaona afadhali ampoteze mteja. Wa kulaumiwa zaidi ni wale wanaochukua pesa wakijua chumba hakitatolewa. Kesho yake hekaluni watu wa mji ule ule walimpisha mama mdogo akae kivulini, na mwanamke mmoja akamgawia wali mtamu wa sadaka. Mimi siwezi kuwasema vibaya watu hao.

Anzeni na Kailasanathar, hekalu la mawe ya mchanga la mwanzoni mwa karne ya 8, enzi za wafalme wa Pallava. Halina msongamano, na vihekalu vidogo 58 vinauzunguka ua wake. Ekambareswarar ina mnara wa lango wa karibu mita 60, uliojengwa mwaka 1509 na mfalme Krishnadevaraya. Kule Varadharaja Perumal tazameni ukumbi wa nguzo 100 na minyororo ya mawe kwenye pembe za paa lake, iliyochongwa kutoka jiwe lile lile la pembe hizo.

Viatu vinaachwa nje, mabega na magoti yafunikwe. Chumba cha ndani kabisa ni cha Wahindu peke yao, mkizuiwa msibishane. Fikeni asubuhi, kwa sababu mahekalu mengi hufungwa kuanzia kama saa sita mchana hadi saa kumi, na muda huo mawe ya uani yanaunguza nyayo. Bebeni soksi.