Namna ya kuwafundisha manesi, wakunga na watu wa labu kuhusu viinitete vya kuchangiwa

Kama umepewa saa moja ya CME (mafunzo endelevu ya wahudumu wa afya) kufundisha wenzako hii mada, usianze na picha za hadubini. Nimeona watu wakianza nazo na chumba kizima kinazima, manake kila mmoja anajiambia haya ni mambo ya kliniki kubwa za IVF (kutungisha mimba nje ya mwili) kule Nairobi, sisi huku Pwani hayatufiki. Yanatufika sana. Mama akishawekewa kiinitete cha kuchangiwa (yai la mwanamke mwingine lililokwisha kurutubishwa na mbegu ya mwanamume mwingine) anakaa na wale wataalamu wiki chache tu, mimba ikishakaa anarudi kwetu, kliniki ya wajawazito, wodi ya wazazi, chanjo, na mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku ni sisi. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, hao saa hizi ni watu wazima, kwa hivyo tusiendelee kusema jambo ni geni.

Mimi huanza na karatasi ya damu. Nilikuwa zamu ya usiku, mama amejifungua salama, kundi lake la damu AB, labu ikaleta karatasi ya mtoto imeandikwa O. Mwenzangu akasoma kwa sauti, mbele ya vitanda sita, hii damu haiwezekani, ama mtoto amebadilishwa ama kuna kitu mama hajatwambia. Yule mama alivuta shuka mpaka kidevuni na hakusema neno. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Asubuhi daktari wao alipopigiwa simu ndio ikajulikana kwamba kiinitete kilitoka kwa mke na mume wengine kabisa, waliokuwa wamemaliza kuzaa, na hakuna mahali kwenye faili palipoandikwa. Mimi nilikuwepo na sikumnyamazisha yule mwenzangu. Ndio sababu nafundisha hii kitu.

Ukishawasimulia kisa kama hicho (badilisha kila kinachoweza kumtambulisha mama), wape dakika tano waandike wenyewe: ikiwa yai si la huyu mama na mbegu si ya huyu baba, ni nini kwenye faili letu kinabadilika? Wengi watasema sura ya mtoto. Hapo sasa ndio uingie kazini, na hapa usikimbie, kaa hapa nusu ya saa yako.

Damu. Kwa kawaida mama wa AB hazai mtoto wa O, lakini kwa kiinitete cha kuchangiwa anaweza kabisa. Halafu kuna hii inayonitia wasiwasi zaidi: tumezoea mama akiwa Rh hasi na mume naye hasi tunasema basi, hakuna haja ya sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu chanya ya mtoto. Hapa hiyo hesabu haifanyi kazi, damu ya mume haituambii chochote kuhusu mtoto, tunahitaji damu ya waliochangia au tumchukulie mtoto kama anaweza kuwa chanya. Selimundu (sickle cell) pia ni hivyo hivyo, mama na baba wote AA, yaani hawana jeni ya selimundu, haimaanishi mtoto ni AA, na kwetu Pwani hilo si jambo la kupuuza.

Umri. Ukipiga hesabu ya hatari ya matatizo ya kromosomu, unatumia umri wa mwanamke aliyetoa yai siku yai lilipotolewa, sio umri wa mama aliyelala kwenye kitanda chako. Mama wa miaka 43 anaweza kuwa amebeba kiinitete cha yai la miaka 29 na sisi tunamtisha bure. Lakini presha ya mimba iangalieni kwa makini, hatari yake iko juu zaidi mimba ikitokana na yai la mtu mwingine, kwa hivyo mkojo upimwe protini kila akija, na akisema kichwa kinauma asiambiwe akapumzike nyumbani.

Tarehe ya kujifungua. Usiulize hedhi ya mwisho ukaishia hapo, uliza kiliwekwa siku gani na kilikuwa na umri wa siku ngapi. Kiinitete cha siku ya tano unaongeza siku 261 kwenye tarehe kilipowekwa, cha siku ya tatu unaongeza 263. Fanyeni mfano mmoja ubaoni pamoja: cha siku ya tano kimewekwa tarehe 1 Machi, kujifungua ni 17 Novemba. Kila mtu ahesabu mwenyewe, usiwape jibu.

Sasa swali lenyewe linaulizwaje. Wagawe wawili wawili, mmoja mama mmoja nesi, na wajaribu kwa mdomo, sio kwa kusoma. Swali nalopenda mimi ni hili: "Mama, mimba hii mlipata kwa msaada wa hospitali? Na kama ndio, yai, mbegu au kiinitete kilitoka kwenu ama kuna aliyewachangia?" Waulizwe wote, kwa sauti ile ile unayouliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mlango umefungwa, mama mkwe yuko nje, wifi yuko nje. Na mkishapata jibu liandikwe kwenye faili la hospitali, baada ya mama kukubali, sio kwenye kile kijitabu cha kliniki anachobeba kwenda nacho nyumbani kila mtu akakifungua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye zile nyeti, wakumbushe hilo, na uwakumbushe pia kwamba grupu ya WhatsApp ya wodi sio faili.

Maneno mengine yafutwe kabisa: "mama halisi", "wenyewe wako wapi", "kwani huyu amefanana na nani". Aliyebeba na kuzaa na anayenyonyesha ni mama, wale wengine ni waliochangia. Wengine wanapenda kusema wameasili kiinitete, huko Marekani kuna mpango ulioanza 1997 unaotumia lugha hiyo ya kuasili, sasa wewe ukiongea na familia tumia neno lao, kwenye faili andika kiinitete cha kuchangiwa ili daktari anayefuata asikosee.

Usiwasahau waliochangia, manake nao ni wagonjwa wetu. Mke na mume wamepata watoto wao, vimebaki viinitete vitatu vimegandishwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila mwaka inakuja bili. Wanaweza kuendelea kuviweka, kuviacha viyeyuke, kuvitoa kwa utafiti pale inaporuhusiwa, au kuwapa wengine. Nesi akisema "si mvipe tu, ni kama kutoa damu", amekosea vibaya, manake hapa kutakuwa na mtoto aliye ndugu wa baba mmoja mama mmoja na watoto wao, anayelala nyumba nyingine. Wapeni muda. New Zealand pande zote mbili lazima zipate ushauri na kamati ya maadili ipitishe kila ombi, na mimi naona hivyo ndivyo ilivyo sawa. Utaulizwa pia kama kiinitete kikikaa sana hakiharibiki: waambie kuhusu wale mapacha waliozaliwa Oregon, Marekani, Oktoba 2022 kutoka viinitete vilivyogandishwa 1992.

Dini itakuja tu, na ije. Wanazuoni wengi wa Sunni wanakataza kiinitete cha watu walio nje ya ndoa. Iran, ambako Mashia ndio wengi, ilipitisha sheria 2003 ya kuruhusu wanandoa wachangiwe. Kanisa Katoliki linapinga IVF yenyewe. Mwambie mwenzako ana haki ya imani yake, ila mama aliyekuja kupimwa mimba hakuja kuomba fatwa wala mahubiri, akitaka ushauri wa dini ataujua mlango wa kwenda. Upande wa sheria za Kenya, muswada wa uzazi wa kusaidiwa ambao mbunge Mheshimiwa Millie Odhiambo amekuwa akiusukuma bungeni kwa miaka, angalia umefika wapi wiki ile ile unayofundisha, usitumie karatasi ya mwaka jana.

Wazazi watauliza pia mtoto aambiwe lini. Aambiwe mapema, angali mdogo, kwa maneno madogo, kabla hajasikia kwa shangazi au kwa kipimo cha DNA cha posta. Uingereza, aliyetungwa kwa mchango uliotolewa tangu 1 Aprili 2005 akifika miaka 18 anaweza kuomba jina la waliochangia.

Baada ya miezi mitatu rudi wodini, omba mafaili kumi ya wajawazito, angalia ni mangapi yana lile swali na jibu lake. Yasiyokuwa nalo, kaa na aliyeyajaza, mkiwa wawili tu, mfanye tena lile zoezi la mama na nesi.