Kurekebisha Uvujaji wa Maji ya Rejeta Kwenye Injini ya Pikipiki ya Zamani

Kabla ya kushika spana, tafuta kwanza mahali maji yanapotokea, kwa sababu tone linaloanguka chini ya injini mara nyingi limetoka mbali: upepo wa mwendo hulisukuma nyuma, nalo hufuata mshono wa kava mpaka lipate ncha ya kudondokea. Osha injini na uiache ikauke, kisha iwashe hadi ipate moto, izime, na uichunguze kwa tochi wakati inapoa. Uvujaji mwingine hautoi tone kabisa, maana maji hukauka papo hapo kwenye chuma cha moto na kuacha ukoko mweupe, au wenye rangi ya kipozeo (kimiminika cha kupozea injini kinachojazwa kwenye rejeta), kando ya klampu na viungo vya mabomba.

Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo ambalo wengi hulidhania kuwa ni kasoro. Tundu hilo limewekwa kati ya sili mbili, yaani pete za kuzuia uvujaji kwenye shafti ya pampu, moja ikizuia maji na nyingine ikizuia oili, ili sili ikichoka kinachovuja kitoke nje badala ya kuingia upande wa pili. Likitoa maji, sili ya maji imekwisha. Likitoa oili, iliyokwisha ni oili sili. Usilizibe kamwe, kwani ukiliziba utayalazimisha maji kuingia kwenye oili, na beringi za injini ndizo zitakazolipa gharama hiyo.

Kagua pia oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia ndani, na injini isiwashwe tena mpaka chanzo kijulikane. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kilichobanwa kati ya silinda na kichwa chake), ilhali kwa maoni yangu pampu inastahili kukaguliwa kwanza, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuifungua. Gasketi hiyo ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, na moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu mfuniko wa rejeta ukifunguliwa kungali na moto, maji yenye shinikizo hukurukia usoni. Mwaga kipozeo chote katika chombo na ukiweke mbali na watoto na wanyama, kwani kipozeo cha glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Fungua pampu, na pale inapokuwa sehemu ya kava la injini mwaga oili pia. Ng'oa sili ya zamani bila kukwaruza kiti chake, yaani mahali inapokaa, kisha ingiza mpya ikiwa imenyooka, ukiisukuma kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wa nje tu. Nyuso zake mbili zinazosuguana zisiguswe kwa vidole vyenye grisi. Kagua na shafti: ikiwa imechimbika mahali sili inapokaa, sili mpya haitadumu.

Oringi za mabomba, yaani pete za mpira zinazoziba viungo vyake, hukauka na kuwa bapa, na alumini inayozizunguka huliwa na kutu nyeupe. Safisha mahali zinapokaa kwa sponji ngumu ya plastiki, si kwa bisibisi. Mpira wa maji uliokakamaa au unaotoa mipasuko unapoukunja ubadilishwe, kwani kukaza klampu zaidi huukata tu.

Jaza kipozeo kisicho na silikati, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, isipokuwa kama kimeshachanganywa kiwandani. Acha mfuniko wazi, washa injini, na uitikise pikipiki kushoto na kulia ili hewa itoke, ukiongeza kipozeo kadiri kinavyoshuka. Mfuniko wenye mpira uliochoka nao ubadilishwe kwa wenye kiwango kilekile cha shinikizo. Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, angalia tena kiwango cha kipozeo pamoja na lile tundu la pampu.