Chaja ya betri za magari na ndege za rimoti: anza na wati

Ukiingia dukani, au ukiperuzi maduka ya mtandaoni, utakuta chaja imeandikwa "10A" kwa herufi kubwa usoni. Wati zake zimejificha chini ya boksi kwa maandishi yanayotaka miwani. Anayeanza mchezo huu huuliza ampea, muuzaji hujibu ampea, halafu baadaye mtu analalamika kwamba betri inachukua saa tatu kujaa. Hapa tutaanza na betri, tupite kwenye wati, ndipo twende dukani. Nitamchukua mtu mwenye betri mbili, moja ya gari na moja ya ndege ndogo, maana wengi ndipo wanapoanzia.

Hatua ya 1: Soma lebo ya betri

Tuseme ya gari imeandikwa LiPo, 2S, 7.4V, 5000mAh, 50C. Ya ndege ni LiPo, 3S, 11.1V, 2200mAh, 30C.

LiPo ni aina ya betri ya lithiamu, mAh ni uwezo wake, na S ni idadi ya seli zilizofuatanishwa. Seli moja ya LiPo huhesabiwa volti 3.7, lakini ikijaa hufika 4.2. Kwa hiyo 2S iliyojaa ni 8.4V, na 3S ni 12.6V. Andika hizi za kujaa, ndizo tutakazozipigia hesabu.

Ile 50C ni kasi ya kutoa umeme gari linapokimbia. Kwenye kuchaji haituhusu, ingawa wapo wanaoisoma kama ruhusa ya kuisukuma betri watakavyo. Kama betri haikuandikwa kasi ya kuchaji, tumia 1C, nitakayoieleza kwenye Hatua ya 2.

Gari la zamani linaweza kuwa na NiMH, yaani betri ya nikeli, ya seli sita, 7.2V. Zipo pia aina nyingine za lithiamu: LiFe, zinazojaa kwenye 3.6V kwa seli, na LiHV zinazofika 4.35V. Chaja utakayonunua ijue aina zote ulizonazo, na wewe uchague aina sahihi kila unapochaji. LiPo isichajiwe kwa mpangilio wa NiMH hata siku moja. Chaja ikiwa kwenye NiMH hungoja volti zishuke kidogo, ambayo ndiyo ishara ya betri hizo kujaa. LiPo haitoi ishara hiyo, kwa hiyo chaja huendelea kusukuma umeme hadi betri ivimbe au iwake moto.

Hatua ya 2: Tafuta ampea, kisha wati

1C maana yake ni uwezo wa betri uliogeuzwa kuwa ampea: 5000mAh ni ampea 5, 2200mAh ni ampea 2.2. Kwa kasi hiyo betri iliyokwisha hujaa kwa saa moja na dakika kadhaa. Hizo dakika za ziada zinatokana na chaja kupunguza ampea taratibu seli zikishafika 4.2V. Usiichomoe ukidhani imekwama.

Sasa zidisha volti za kujaa kwa ampea:

- 2S 5000mAh: 8.4 × 5 = wati 42
- 3S 2200mAh: 12.6 × 2.2 = wati 28 hivi
- 4S 5000mAh: 16.8 × 5 = wati 84
- 6S 5000mAh: 25.2 × 5 = wati 126

Rudi kwenye chaja yetu ya "10A". Ukigeuza boksi ukakuta 80W, gawanya: 80 kwa 10 ni volti 8. Yaani hizo ampea 10 zitapatikana volti zikiwa chini ya 8 tu, na hata 2S inayokaribia kujaa imeshavuka hapo. Ukiifunga 6S, itatoa ampea 3 na kidogo. Hawajakudanganya, wamekuonyesha upande mmoja wa shilingi.

Kwa mtu wetu mwenye 2S na 3S, chaja ya wati 50 inatosha leo. Mimi humshauri anunue ya 80 hadi 100, kwa sababu mchezo huu una tabia ya kukua: leo 3S, kesho umeiona ndege ya 4S na huwezi tena kulala. Zaidi ya hapo, usilipie wati za betri usizokuwa na mpango nazo.

Angalia pia chaja zenye matundu mawili ya kutolea. "200W" inaweza kuwa jumla ya yote mawili. Na zile zinazochomekwa ukutani na kwenye 12V pia, mara nyingi zina wati chache zikiwa ukutani kuliko zikiwa kwenye 12V. Tafuta namba zote mbili.

Hatua ya 3: Umeme utatoka wapi?

Ukichaji nyumbani tu, chukua yenye uwezo wa kuchomekwa ukutani moja kwa moja, iliyoandikwa 100–240V, mambo yaishe.

Chaja za 12V pekee huwa ndogo na zenye nguvu, ila zinahitaji pawasaplai. Chaja hupoteza kiasi cha umeme kwa joto, kwa hiyo ya wati 80 itavuta karibu wati 95, sawa na ampea 8 kwenye 12V. Nunua pawasaplai ya 12V yenye ampea 10 au zaidi. Zile za chuma zenye matundumatundu zinazouzwa kwa ajili ya taa za mkanda hufanya kazi vizuri, mradi ufunike skrubu za umeme mkubwa, maana nyingi zinakuja zikiwa wazi na watoto hawana habari.

Kwenye uwanja wa kurushia, wengi tunategemea betri ya gari la kawaida au ya sola. Hesabu yake ni hii: betri ya 12V yenye 45Ah ina watisaa 540, na haifai kuikausha chini ya nusu, kwa hiyo una 270 za kutumia. Betri moja ya 3S 2200mAh ni watisaa 24.4, ukiongeza zinazopotea, sema 29. Utajaza kama betri tisa. Ingia kwenye mipangilio ya chaja uweke kikomo cha volti za kuingia kwenye 11.5V. Zikishuka hapo chaja itasimama yenyewe, na gari litawaka mkirudi nyumbani.

Hatua ya 4: Tundu la kusawazisha seli

Hapa sina mjadala: chaja ya LiPo isiyosawazisha seli iache dukani.

LiPo yenye seli zaidi ya moja ina nyaya za aina mbili. Mbili nene ni za kupitishia umeme mkubwa. Pembeni kuna kiplagi cheupe chenye nyaya nyembamba, idadi ya seli jumlisha moja: 3S ina nne, 6S ina saba. Hicho ndicho chaja hutumia kusoma kila seli peke yake.

Chukua 3S ambayo seli zake zinasoma 4.20, 4.20 na 4.02. Jumla ni 12.42V. Chaja inayotazama jumla tu itaona bado haijafika 12.6 na itaendelea. Ikifika, seli mbili zitakuwa zimepanda juu ya 4.20 huku ya tatu imebaki nyuma. Hizo mbili zimechajiwa kupita kiasi, na kwenye skrini kila kitu ni sawa.

Vichaja vidogo vya taa tatu vinavyokuja na seti za kuanzia vinachaji kupitia kiplagi cheupe, kwa hiyo hilo vinalifanya. Tatizo lake ni uvivu: vingi havifiki ampea 1, na betri ya 5000mAh itakula nusu ya siku.

Hatua ya 5: Kuhifadhi na kupunguza chaji

LiPo ikikaa imejaa kwa siku nyingi huchakaa na kuvimba. Inatakiwa ikae kwenye 3.8V hivi kwa seli, na chaja nzuri ina kitufe cha kazi hiyo. Sasa soma wati za kupunguza, maana hapo ndipo wanapobana matumizi. Kupunguza kwa wati 5 kunamaanisha 3S 5000mAh iliyojaa itahitaji zaidi ya saa tano kufika nusu. Kama mvua hukuharibia mipango mara kwa mara, tafuta ya wati 15 kwenda juu. Au liendeshe gari tu, ni haraka zaidi.

Hatua ya 6: Dukani

Chaja ya iMAX B6 ya kampuni ya SkyRC ndiyo iliyoigwa kuliko zote. Ile ya asili ni ya 50W na 5A, kwa hiyo ukiona "B6" yenye 80W bila jina la SkyRC, jua ni ya mtu mwingine. Baadhi ya zilizoigwa hufanya kazi, lakini usomaji wa volti ndio unaoyumba, na chaja kazi yake ni kusoma volti. Hakikisha pia kuna waya wa XT60, au plagi yoyote iliyo kwenye betri yako, kabla ya kulipa.

Ukiagiza kwa mtu anayetoka Dubai: chaja iende kwenye begi la mizigo, betri za akiba akae nazo ndani ya ndege, ncha zimefungwa tepu. Hadi watisaa 100 hazina shida kwa kawaida. 3S 5000mAh ni 55.5, 6S 5000mAh ni 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Hatua ya 7: Chaji ya kwanza

Weka chaja kwenye sakafu ya vigae au saruji, mbali na pazia na godoro. Betri isiwe imevimba wala ya moto.

Kwanza chomeka nyaya kwenye chaja, ndipo uunge betri. Ukianza na betri, zile ncha mbili za chuma zitaning'inia zikiwa na umeme, na zikigusana utaona cheche. Kisha chomeka kiplagi cheupe. Chagua LiPo, kusawazisha, 2.2A, 3S. Kwenye chaja za mtindo wa B6, ukishikilia kitufe cha kuanza, itaonyesha R na S: R ni seli ilizozihesabu yenyewe, S ni ulizochagua wewe. Zikitofautiana, simamisha.

Usitoke chumbani. Ikimaliza, chukua multimita upime kila seli kwenye kiplagi cheupe. 4.19 au 4.20 ni sawa. Ukipata 4.25 ilhali chaja inasema 4.20, rudia kupima kwa multimita nyingine, na zikikubaliana irudishe chaja dukani siku hiyohiyo pamoja na risiti.