Pete za darubini ya bunduki: pima kabla ya kununua

Ndugu zangu wa Mombasa mnaovuka Lungalunga kwenda kuwinda Tanzania kwa kibali (kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977), msifunge darubini ya maana kwa pete (vishikizi vinavyoishika juu ya bunduki) za ovyo.

Jua kwanza kipenyo cha bomba la darubini: kwa kawaida milimita 25.4 au 30, na pete ziwe za kipimo hichohicho. Kisha reli, yaani ukanda wenye mikato juu ya bunduki ambapo pete hufungwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Mikato ya reli aina ya Picatinny ina upana wa milimita 5.23, ya aina ya Weaver 4.57 hivi. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny, ila za Picatinny mara nyingi hazishuki kwenye Weaver. Zikicheza kidogo, zisukume mbele kabla ya kukaza, maana bunduki ikipiga teke kurudi nyuma, darubini huvuta kwenda mbele.

Skrubu za juu kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa bisibisi inayopima nguvu: nyutoni-mita 2 hivi. Ukizidisha unaliminya bomba.

Mimi huchagua alumini. Pete za chuma nilizoziacha kabatini Likoni zililiwa na chumvi kabla ya msimu kufika.