Kuitia giza hadithi ya zimwi na ngoma, hatua kwa hatua

Hadithi yenyewe inajulikana: binti anasahau kombe lake, ganda la baharini, mwambani, anarudi peke yake kulifuata, zimwi linamtia ndani ya ngoma na kumwimbisha kijiji kwa kijiji ili lipewe chakula. Hapa tunaiandika kwa watu wazima, maneno 1,500 hadi 2,000, mandhari Mtwara. Andika juu kabisa kwamba si ya watoto.

Hatua ya 1: Tafuta ukatili uliomo tayari. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maana yake linakula, ila linabakiza. Kanuni hiyo ibebe hadithi nzima. Damu ya kumwaga ovyo huchosha msomaji kabla ya ukurasa wa pili.

Hatua ya 2: Zimwi liwe mtu wa nyumbani. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, wakusanyaji wa ngano, katika toleo la 1812, walimfanya mama mzazi wa Snow White ndiye anayetaka auawe. Mwaka 1819 wakamgeuza mama wa kambo. Wewe fanya kinyume, usogeze ukatili karibu. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Zimwi liwe mjomba. Usilipe pembe wala jicho moja, maana pembe humwambia msomaji kwamba huyu si wa kwao, naye anapumua.

Hatua ya 3: Pima maji. Mwamba hutoka vizuri wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua ya pwani yetu hupwa kama saa nne asubuhi, kisha maji hurudi kwa muda wa takribani saa sita. Ukiwapeleka wasichana mwambani saa kumi jioni siku ya mwezi mpevu, mtu wa Mikindani, mji wa pwani ya Mtwara, hatakuamini tena.

Hatua ya 4: Wimbo na ngoma. Hapa ndipo utumie nusu ya maneno yako. Tunga mistari minne mifupi:

Mama, kombe langu li mwambani,
Maji yamejaa, giza ndani,
Sauti hii unaijua,
Fungua ngoma, nipate jua.

Safari iwe Nanyamba, Tandahimba, Newala, kisha kurudi Mikindani. Nanyamba wimbo uwe mzima, na kila kituo kinachofuata ondoa mstari mmoja kutoka mwisho, bila kueleza sababu. Ombi la kufunguliwa linapotea kwanza. Mama mtu anafikiwa na mstari wa kwanza tu.

Kabla ya kupigwa, ngozi hupashwa kwenye moto wa nyasi ili ikaze. Waache wanakijiji wenyewe wafanye hivyo, kwa furaha. Ngoma iliyojaa hulia butu. Inavyozidi kuwa tupu inalia vizuri zaidi, watu wanacheza zaidi, sahani zinaongezeka. Kosa la kawaida ni kumweka mhusika mwenye huruma anayeshtuka Tandahimba. Mwondoe. Kijiji kizima kiwe na hatia bila kujua.

Hatua ya 5: Nyuki na siafu. Katika hadithi ya zamani wazazi wanamtoa binti na kujaza ngoma wadudu. Bakiza wadudu. Mama anapofungua, akute kombe, na wimbo usinyamaze. Anamwaga nyuki ndani, anafunga ngozi, anamkabidhi kaka yake, yule zimwi, ngoma kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni wa heshima.

Soma kwa sauti. Popote ulipoandika "kwa kutisha", futa.