Jinsi ya kumpata na kumpiga picha tandawala mkubwa wa Tsavo ukitokea Mombasa

Majuzi nimemsaidia kijana mmoja wa Kisauni, kamera yake ni bora kuliko yangu lakini picha zote za ndege huyu tandawala zilikuwa zatoka kama zimepigwa ndani ya maji. Naandika hapa na wengine mfaidike.

Hatua ya 1: Mjue kwanza

Tandawala mkubwa, yule aitwaye kori bustard kwa Kiingereza, ni katika ndege wazito kabisa duniani wanaoweza kuruka, dume hufika kilo 18 na jike ni kama nusu yake. Shingo ya kijivu yenye vistari vyembamba, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, kishungi cheusi kisogoni. Vidole vyake ni vitatu na vyote vyaelekea mbele, cha nyuma hana, kwa hivyo hawezi kushika tawi. Ukiona ndege mkubwa juu ya mti basi si yeye, songa mbele. Wengi humchanganya na karani tamba, lakini karani ana mapaja meusi na uso wa rangi ya chungwa.

Hatua ya 2: Toka mapema

Ingilia geti la Buchuma la hifadhi ya Tsavo Mashariki, karibu kilomita 100 kutoka Mombasa. Lafunguliwa saa 12 asubuhi, na saa hiyo uwe ushafika.

Hatua ya 3: Mtafute

Elekea nyika tambarare za upande wa bwawa la Aruba, humo ndani ya hifadhi, tafuta pahali nyasi ni fupi. Yeye hutembea polepole akidonoa panzi, mijusi, mbegu, hata gundi ya migunga, na akishtuka kwanza huondoka kwa miguu, kuruka ni mpaka alazimike. Kwa hivyo usitazame angani. Chukua darubini ya 8x42 (yakuza mara 8), ile ya 10x mimi siitaki kabisa, mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu. Mara nyingine keremkerem wekundu, wale ndege wadogo, humpanda mgongoni wakidaka wadudu anaowatimua, ile rangi utaiona kabla ya kumuona mwenyewe.

Hatua ya 4: Picha (hapa ndipo watu wanapokwama)

Tatizo si lenzi, ni mazigazi. Jua likishapanda ardhi nyekundu ya Tsavo inapata moto na hewa ya juu yake inaanza kucheza, na tandawala yuko chini hapo hapo kwenye hewa inayocheza, sasa ukimpiga kutoka mita 200 manyoya yanakuwa uji hata lenzi iwe ya bei gani, na ukiongeza zumu ndiyo unazidi kuukuza huo uji. Wengine hudhani fokasi imeharibika, wanakaa kutwa kubadilisha setingi. Dawa ni saa na umbali: maliza kazi kabla ya saa 3 asubuhi, au ngoja baada ya saa 10 jioni. Zima injini na usipige picha kupitia juu ya boneti, manake boneti nayo yatoa joto. Kama ulikuwa na AC, shusha vioo vyote ungoje dakika kadhaa, hewa baridi ya ndani ikikutana na ya nje inaharibu vilevile. Weka fokasi ya nukta moja, uilenge shingoni, la sivyo kamera itashika nyasi za mbele. Shata ya sekunde 1/1000 yatosha, hana haraka.

Na kusogea karibu si kutoka barabarani! Ni marufuku, halafu jike hutaga mayai yake, mara nyingi mawili, kwenye ardhi tupu bila kiota, tairi lako litayapita na wewe hutajua. Simama mbele yake kwenye njia anayoelekea, umwache aje mwenyewe. Subira hapo ndiyo inayoleta picha, nina hakika na hilo.

Hatua ya 5: Akivimba shingo

Dume akitafuta jike huvimbisha shingo, mkia akauinua mpaka mgongoni, na hutoa mlio mzito wa chini. Hapo acha kupiga picha, rekodi video, hata simu yafaa mradi yuko karibu. Mwambie dereva asiwashe gari na walio nyuma wanyamaze, manake ule mlio ni wa chini sana na pakiti moja ya krisps yaufunika.